Kuipima kopla ya flamenko: mwongozo kamili wa mizani, vina na tersio

Mara ya kwanza nilipokaa na daftari kusikiliza soleá, aina mojawapo ya nyimbo za flamenko, nilihesabu mishororo 6. Maandishi niliyokuwa nayo mkononi yalikuwa na mishororo 3. Nikadhani nimepewa maneno ya wimbo mwingine, nikairudisha rekodi mwanzo, nikahesabu upya: 6 tena. Ilinichukua muda kung'amua kwamba sikio halikukosea, na karatasi nayo haikukosea. Katika flamenko, ubeti ulioandikwa na ubeti ulioimbwa ni vitu viwili. Anayetaka kuuelewa huuhesabu mara mbili, kwanza kwenye karatasi, kisha kwa sikio, na tofauti atakayoipata kati ya hesabu hizo ndiyo kazi ya mwimbaji.

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria mtu anayejua mizani na vina vya Kiswahili lakini hajui Kihispania. Mtu huyo ana mtaji kuliko anavyodhani. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, yaani 8 za ukwapi na 8 za utao. Kule Andalusia, kusini mwa Hispania, sehemu kubwa ya beti za flamenko imejengwa kwa mishororo ya mizani 8. Kipande chetu kimoja ni mshororo wao mzima. Irabu zao nazo ni hizi hizi 5 tulizo nazo sisi, na hutamkwa karibu sawa.

Mambo mawili kabla hatujaanza. Beti za mfano humu nimezitunga mwenyewe kwa kufuata kanuni za kule, ili tuzipasue bila kumwogopa mwenyewe. Na majina ya aina za nyimbo (soleá, seguiriya, fandango na mengine) nimeyaacha kama yanavyoandikwa kwenye majalada ya santuri, kwa sababu ndiyo utakayoyatafuta.

Kuhusu matamshi, haya yanatosha: j husomwa kh, ll husomwa y, ñ ni ny, qu ni k, h haitamkwi kabisa, na z pamoja na ce na ci sehemu nyingi za Andalusia husikika s.

Hatua ya 1: Toa kila kisicho ubeti

Wimbo wa flamenko hauanzi na maneno. Kwa kawaida gitaa hutangulia. Kisha mwimbaji huipasha sauti moto kwa "ay" ndefu inayopanda na kushuka, na hapo ndipo anapoitafuta toni yake na kuwaonyesha waliopo leo ameamkaje. Katika alegrías za Cádiz pasha moto hiyo ina silabi zake maalumu, "tirititrán, tran, tran", ambazo hazina maana yoyote na kila mtu anazijua. Baada ya hapo ndiyo huja ubeti, ambao waimbaji wenyewe huuita letra na wataalamu huuita kopla. Kati ya ubeti na ubeti gitaa hujibu. Mwisho huwa kuna ubeti wa kufungia, mara nyingi wenye kasi au toni tofauti.

Kwa hiyo weka wimbo, chukua kalamu, na katika usikilizaji wa kwanza usiandike neno hata moja. Piga mstari tu kila mara unaposikia gitaa limebaki peke yake. Ukimaliza utakuwa umeugawa wimbo katika vyumba vyake, na kila chumba kikubwa ni ubeti mmoja.

Usikilizaji wa pili ni wa kuchuja. Mwimbaji huchomeka maneno ya kujazia: "ay", "madre mía", "primo", "compañera". Haya hayamo kwenye mizani. Ni kama "ewe mwana" au "jamani" anayoichomeka mwimbaji wa taarabu pale fidla zinapompa nafasi. Yaweke kwenye mabano. Kelele za "olé" za waliokaa pembeni wala usiziandike.

Hatua ya 2: Hesabu mizani kwa kanuni zao

Hapa ndipo Mswahili hujikwaa, tena kwa sababu ya uhodari wake. Kwetu kila irabu ina mizani yake: *nimeuliza* ni mizani 5 na hakuna mjadala. Kihispania kina tabia nyingine tatu.

Ya kwanza ni kwamba neno likiishia na irabu na linalofuata likaanza na irabu, irabu hizo humezana zikawa mizani 1. Tuchukue mshororo huu:

*Le pregunté a la marea*

Ukiuhesabu Kiswahili unapata 9. Lakini *-té a* hutamkwa kwa pumzi moja: le / pre / gun / téa / la / ma / re / a. Ni 8. Kwa kuwa h haitamkwi, nayo haizuii kumezana: *llevó hasta* ni lle / vóhas / ta.

Ya pili hutokea ndani ya neno. I au u ikikaa pamoja na irabu nyingine huwa mizani 1, ndiyo maana *puerto* ni puer / to na *tiene* ni tie / ne. Lakini a, e na o zikikutana zenyewe kwa zenyewe hubaki mbalimbali, kama *marea* hapo juu. Na i au u ikiwa na alama ya mkazo juu yake hujitenga: *mía* ni mí / a.

Ya tatu inahusu mwisho wa mshororo, na ndiyo ngeni zaidi kwetu. Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Kihispania mara nyingi hukaa hapo hapo, lakini si lazima. Mshororo ukiishia na neno lenye mkazo kwenye silabi ya mwisho kabisa, unaongeza 1. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, unapunguza 1.

*Yo no le temo a la mar*: yo / no / le / te / moa / la / mar. Ni 7, ongeza 1, ni 8.

*Ya se ha quebrado mi cántaro*: ya / seha / que / bra / do / mi / cán / ta / ro. Ni 9, punguza 1, ni 8.

Mantiki yake utaielewa ukiimba badala ya kusoma. Kinachohesabiwa kwa kweli ni mahali mkazo wa mwisho unapoangukia, na hapo juu kote umeangukia kwenye silabi ya 7. Kinachofuata nyuma ya mkazo ni mkia tu, uwe mrefu au mfupi.

Kuna na tabia ya nne, inayosikika sana Andalusia: herufi humezwa. *Para* huwa *pa*, *nada* huwa *na*, *cansado* huwa *cansao*. Kitabu kikiandika *para* na hesabu ikakupa 9, isome *pa* uone kama haijakaa sawa.

Na usiwe hakimu mkali. Hizi ni beti za watu, nyingi zilizaliwa mdomoni na zikakulia mdomoni. Ukikuta mshororo una 7 au 9 katikati ya wenzake wa 8, uache. Mwimbaji huvuta irabu moja au hubana mbili, na pengo halisikiki.

Hatua ya 3: Sahau vina, sikiliza irabu

Kwetu kina ni silabi: *-ri* hukutana na *-ri*, na mtu akileta *-di* mahali pa *-ri* atachekwa. Kopla ya flamenko hairidhiki na hilo wala haihitaji hilo. Inachotaka ni irabu tu, kuanzia ile yenye mkazo hadi mwisho. *Marea* na *arena* zinafanana kwa sababu zote ni e-a. *Remos*, *puerto* na *vientos* zote ni e-o, maana u ya *puerto* na i ya *vientos* haziingizwi kwenye hesabu ya irabu zenye mkazo. Konsonanti ni mapambo.

Kuisikia tabia hii kwa lugha yako mwenyewe, tamka hivi:

Nimeuliza bahari
ni wapi kilipo chombo
ikanijibu kwa radi

*Bahari* na *radi*: a-i, a-i. Kwa arudhi yetu hapo hamna kina. Kwa masikio ya Cádiz kipo, tena kizuri, kwa sababu hakijionyeshi. Ukizoea kukisikia kina cha namna hii utaona kwa nini mwimbaji anaweza kumeza konsonanti zote za mwisho na bado ubeti ukafungika.

Mara nyingi mishororo yenye kina ni ya shufwa tu, wa pili na wa nne. Ya witri huachwa huru. Katika ubeti wa mishororo 3 ni wa kwanza na wa tatu.

Hatua ya 4: Tambua umbo

Sasa una mizani na una vina, kwa hiyo umbo litajitaja lenyewe. Yapo mengi, lakini matano yatakufikisha karibu kila mahali.

*Mishororo 3 ya mizani 8.* Huu ndio ubeti mdogo wa soleá, na kwangu mimi ndio ubeti bora wa flamenko yote:

Le pregunté a la marea
por el camino del barco
y se llevó hasta la arena.

(Niliyauliza maji njia ya chombo, yakaondoka hata na mchanga.) Wa kwanza unafungua, wa pili unaelekeza, wa tatu unakata. Hakuna nafasi ya mshororo wa kupamba. Utaukuta pia kwenye bulerías na tangos.

*Mishororo 4 ya mizani 8,* kina wa pili na wa nne. Huyu ni farasi wa kazi zote. Huimbwa soleá, tangos, bulerías, alegrías, na pia martinete, wimbo usio na gitaa ambao asili yake huhusishwa na karakana za wahunzi Wagitano (Waroma wa Hispania), kiasi kwamba jukwaani leo mara nyingi huwekwa nyundo na fuawe.

Yo no le temo a la mar,
que en ella tengo mi casa;
temo al viento de la tierra
que sopla y nunca descansa.

(Bahari siiogopi, maana ndimo ilimo nyumba yangu, naogopa upepo wa bara, uvumao bila kupumzika.)

*Mishororo 5 ya mizani 8,* ubeti wa ukoo wa fandango. Tutaurudia chini kwa kirefu.

*Seguidilla,* yenye mizani 7-5-7-5, kina wa pili na wa nne:

Por la calle del agua
va mi morena,
con un cántaro roto
y una azucena.

(Mtaa wa maji anapita mwanamwali wangu wa maji ya kunde, ana mtungi uliovunjika na ua la nyinyoro.) Huu ndio ubeti wa sevillanas, zile zinazochezwa nne kwa mpigo kwenye sherehe za Sevilla. Mara nyingi hufuatwa na mkia wa 5-7-5. Mchechemeo huo wa mrefu-mfupi, mrefu-mfupi, hauhitaji hata kuhesabu ukishauzoea.

*Seguiriya,* yenye 6-6-11-6. Jina lake limetokana na seguidilla, lakini tabia hazifanani hata kidogo. Huu ni ubeti wa msiba:

Se apagó la lumbre,
se quedó mi casa
como una piedra que nadie recoge
de la calle larga.

(Moto umezimika, nyumba yangu imebaki kama jiwe lisilookotwa na mtu kwenye mtaa mrefu.) Tazama mshororo wa tatu. Mizani 11 hizo zimevunjika mahali pamoja, 5 na 6: *como una piedra / que nadie recoge*. Wachapishaji wengine huuandika kama mishororo miwili, na ubeti unaonekana una mishororo 5. Ukikutana na 6-6-5-6-6, usikimbilie kusema ni fandango. Ni seguiriya iliyokatwa.

Kuzipanga beti kwa maumbo si mchezo wa juzi. Mwaka 1881 Antonio Machado y Álvarez, aliyejulikana kwa jina la Demófilo, baba wa washairi Manuel na Antonio Machado, alichapisha huko Sevilla mkusanyo wa beti za flamenko akazigawa hivyo hivyo: soleá za mishororo 3 mahali pake, za mishororo 4 mahali pake, seguiriya mahali pake. Aliziandika kwa lafudhi ya watu wenyewe, herufi zilizomezwa zikabaki zimemezwa. Lakini karatasi ni karatasi, na ya kuimbwa yanahitaji hatua nyingine.

Hatua ya 5: Tenga umbo la ubeti na mapigo ya wimbo

Kosa la wanaoanza ni kudhani umbo la ubeti linakwambia ni wimbo gani. Wala. Mishororo ile 4 kuhusu bahari naweza kuiimba kwa tangos yenye mapigo 4, au kwa soleá yenye mzunguko wa mapigo 12, bila kugusa neno. Seguidilla ya 7-5 huimbwa sevillanas kwa mapigo ya 3, na huimbwa serrana kwa mapigo ya seguiriya. Umbo ni mwili wa maneno. Mzunguko wa mapigo, ambao wao huuita compás, ndio sakafu unayotembea juu yake.

Jifunze sakafu mbili kwa viganja vyako. Ya soleá ina mapigo 12, na yenye nguvu ni la 3, 6, 8, 10 na 12. Waandalusia wenyewe wakifika 11 na 12 husema tu "moja, mbili", kwa sababu majina ya namba hizo hayapatani na kasi, na sisi wenye "kumi na moja" tuna sababu kubwa zaidi ya kuwaiga:

moja mbili TATU nne tano SITA saba NANE tisa KUMI moja MBILI

Ya seguiriya pia ina mapigo 12, ila huhesabiwa kama hatua 5 zisizolingana: fupi, fupi, ndefu, ndefu, fupi. Sema "moja-na, mbili-na, tatu-na-na, nne-na-na, tano-na" ukipiga kofi kwenye namba tu. Inaonekana inachechemea. Ndivyo ilivyo, usiinyooshe.

Zipo pia nyimbo zisizo na sakafu ya wazi: malagueña, granaína, taranta. Hapo gitaa humfuata mwimbaji, naye huvuta mshororo kadiri ya pumzi yake. Na tonás, martinetes na nduguze huimbwa kwa sauti kavu, bila gitaa kabisa.

Hatua ya 6: Hesabu tersio

Tersio ni kipande kimoja cha sauti, kuanzia mwimbaji anapovuta pumzi hadi anapotua. Kipimo chake ni lahani, maneno hayahusiki. Sasa rudi kwenye rekodi yako, usikilize mara ya tatu, na kila anapotua andika namba. Kisha chini ya kila namba andika ni mshororo upi wa karatasi uliosikika.

Soleá ile ya mishororo 3 inaweza kusikika hivi:

(Ay...)
1. Le pregunté a la marea
2. le pregunté a la marea
3. por el camino del barco
4. y se llevó hasta la arena
(gitaa)
5. por el camino del barco (ay)
6. y se llevó hasta la arena

Hizo ndizo zile 6 zangu za siku ya kwanza. Kurudia huku hakukutokana na upungufu wa maneno. Mshororo wa kwanza ukirudiwa, msikilizaji anashikiliwa mlangoni: maji yameulizwa, yameulizwa tena, na jibu halijaja. Ya pili na ya tatu ikirudiwa baada ya gitaa, jibu unalijua tayari, kwa hiyo unachosikiliza si habari tena ila jinsi linavyouma. Mara nyingi lahani ya marudio hushuka pale ambapo ya kwanza ilipanda. Mpangilio huu si sheria: mwingine hatarudia wa kwanza, mwingine atauvunja wa pili katikati. Soleá za Alcalá, Triana, Utrera, Jerez na Cádiz hutambulikana kwa mambo kama haya. Mtafute Fernanda de Utrera uone mishororo 3 inavyoweza kujaza chumba, halafu msikilize Antonio Mairena kwa ubeti wa umbo lile lile, uone alivyo makini kuliweka kila neno mahali pake.

Katika seguiriya kazi huwa kwenye mshororo wa tatu. Mwimbaji huukata pale penye 5 na 6, huchomeka "ay", hurudia nusu, na wakati mwingine neno lenyewe hukatwa katikati na kumaliziwa baada ya pumzi. Usiogope ukisikia *pie...* halafu kimya halafu *...dra*. Andika kama ulivyosikia. Kwa kufungia, waimbaji wengine huleta ubeti uitwao cabal, ambao huhamia toni ya meja, na ghafla giza linapasuka dirisha.

Fandango ndiyo yenye sheria iliyo wazi kuliko zote, na kwa mwanafunzi ni zawadi: tersio ni 6, kila mara. Karatasi iwe na mishororo 5 au 4, sauti itatoa 6. Chukua ubeti huu wa mishororo 5:

Mi barca no tiene remos
ni vela que la levante
y yo la tengo en el puerto
por ver si llega la tarde
en que la empujen los vientos.

(Mashua yangu haina makasia wala tanga la kuiinua, nami nimeiweka bandarini, huenda ikafika alasiri pepo ziisukume.) Njia ya kawaida ya kupata 6 ni kuutanguliza mshororo wa pili, au kuanza na wa kwanza na kuurudia. Ukianza na wa pili inakuwa: *wala tanga la kuiinua, mashua yangu haina makasia, wala tanga la kuiinua, nami nimeiweka bandarini...* Kisarufi huo ni mwanzo kichwa chini. Mtu gani huanza habari na "wala"? Lakini ukiusikia, unafanya kazi: kuna kitu kinakosekana kabla hujaambiwa ni kitu gani.

Ubeti ukiwa wa mishororo 4 lazima miwili irudiwe. Mpango unaosikika sana ni 2-1-2-3-4-1: wa pili unafungua, wa kwanza unarudi kufunga.

Gitaa litakusaidia kuhakikisha. Mpigaji akiwa kwenye mkao wa Mi, tersio 6 za fandango hutua hivi: Do, Fa, Do, Sol, Do, kisha Fa inayoteremka hadi Mi. Huna haja ya kuzijua kodi hizo za gitaa (chord, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja). Sikiliza tu: tersio ya 4 ndiyo inayokwenda mbali na nyumbani, na mwisho wa ya 6 muziki unashuka ngazi kurudi kwenye ile toni yenye kivuli iliyofungua wimbo. Ukiisikia ngazi hiyo, ubeti umekwisha. Malagueña, granaína na taranta, pamoja na kwamba hazina mapigo ya wazi, zimo ukoo huu na hutii hesabu hii hii. Mtu anaweza kukufichia jina la wimbo. Hesabu tersio, zikiwa 6 na ngazi hiyo ikashuka, umemjua baba yake.

Hatua ya 7: Usitafute kisa

Ukishapima ubeti wa kwanza, wa pili na wa tatu, utajaribu kuziunganisha beti hizo kuwa kisa kimoja. Acha. Utenzi wetu husimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, na shairi letu hushikana kwa kituo kinachorudi. Wimbo wa flamenko kwa kawaida hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kila kopla ni dunia nzima: moja ya mama, inayofuata ya mwezi, ya tatu ya deni. Mwimbaji huzichota kichwani kulingana na toni, umbo na hali ya usiku huo, na jioni nyingine atachota nyingine. Andika kila ubeti kwenye karatasi yake, na baada ya miezi michache ya kusikiliza utaanza kuukuta ubeti ule ule kwa mwimbaji mwingine, tena kwa mapigo mengine. Hapo rekodi za Pastora Pavón, aliyeitwa La Niña de los Peines (1890–1969), ni ghala: aliimba karibu kila aina, na kwa sauti yake unaweza kulinganisha umbo moja katika sakafu nyingi.

Hatua ya 8: Tunga yako, uivunje

Kupima beti za wengine hukufikisha nusu ya njia. Tunga mishororo 4 ya mizani 8 kwa Kiswahili, irabu za wa pili na wa nne zifanane, konsonanti zisifanane. Hii ni yangu, imetokana na ile ya bahari hapo juu:

Bahari siiogopi
ndani yake nimekaa
naogopa pepo kali
za bara zisizolala

*Nimekaa* na *zisizolala*: a-a, a-a. Kila mshororo una 8. Sasa ipange kwa tersio 6 za fandango, 2-1-2-3-4-1, uiseme kwa sauti ukitua kila mshororo:

ndani yake nimekaa
bahari siiogopi
ndani yake nimekaa
naogopa pepo kali
za bara zisizolala
bahari siiogopi

Ndani ya nini? Tersio ya pili inajibu. Na sikiliza ile ya mwisho. Neno kwa neno ni mshororo ule ule uliokuja wa pili, lakini pale alikuwa anajigamba, na hapa, baada ya kuzitaja zile pepo, anajituliza.